Brokoli za Baba Mkwe

Wifi yangu Tupokigwe tulimzika Jumamosi, kule kwao milimani juu ya Kiwira, na mvua ilinyesha tangu wimbo wa kwanza hadi koleo la mwisho. Nimefika umri ambao mtu haambiwi tena habari za msiba kwa kuzungushwa. Mjukuu wangu alinipigia simu akasema tu, bibi, wifi yako ametutoka, nami nikaanza kutafuta khanga za msibani. Kutoka Mafinga hadi kule ni safari ya kutwa, na kiuno changu kimeshakataa safari za kutwa, lakini kwa Tupokigwe ningekwenda hata kwa kubebwa. Yeye ndiye alikuwa mtu wa mwisho aliyenijua nikiwa msichana. Hawa wengine wote wananijua nikiwa bibi, wanadhani nilizaliwa na fimbo mkononi. Pale Uyole mjukuu wangu alisimamisha gari tununue maji, akina mama wakatujia dirishani na bidhaa zao, karoti, viazi, njegere, na brokoli zimefungwa mbilimbili kwenye nailoni. Mmoja akaninyooshea, akaniuliza kama naijua mboga hii, kwamba ni nzuri sana kwa wazee. Nikamwambia naijua tangu bibi yake hajaolewa. Akacheka, akafikiri ni majivuno ya kizee. Sikumweleza zaidi kwa sababu machozi yalikuwa yamenijaa, na mimi sipendi kulia mbele ya watu wanaouza.

Miezi miwili kabla ya hapo nilikuwa nimekwenda kumwona Tupokigwe kitandani, na katika ugonjwa ule ndipo aliponiambia jambo alilolificha zaidi ya miaka hamsini. Tangu siku ile sina raha. Ndiyo maana nimeona niandike habari za mwaka ule mmoja, mwaka niliokaa nyumbani kwa wakwe zangu, katika miaka ya hamsini, Uhuru bado unasikika kwa mbali tu. Mambo ya ukoo wangu nayaacha, hayana msaada hapa. Inatosha kujua kwamba nilikuwa Mhehe wa Iringa, nimekulia pembeni ya mashamba ya tumbaku ya walowezi, nimeyafanyia kazi tangu utotoni, na nilikuwa na kiburi cha mtu anayejijua kuwa hodari wa shamba. Kiburi hicho ndicho kilichoniponza.

Nilikuwa na miaka kumi na minane. Mume wangu alinifikisha kwao, akakaa nami wiki mbili, kisha akaondoka na wenzake kwenda kwenye migodi ya shaba ng'ambo ya mpaka, kama walivyofanya vijana wengi wa kule. Nikabaki na watu ambao lugha yao siijui na lugha yangu hawaijui, tunaungana kwenye Kiswahili ambacho sote tulikuwa tunakiokoteza. Na jambo la kwanza nililofundishwa na mama mkwe, kabla hata sijaonyeshwa mahali pa kuchota maji, ni kwamba baba mkwe haonwi. Kwa Wanyakyusa wa siku zile mke wa mtoto hakutani na baba wa mumewe. Hamtazami usoni, hasemi naye, hali mbele yake, na jina lake halitamki. Wakikaribiana njiani, mwanamke ndiye anayeingia migombani mpaka mzee apite. Kwetu Iringa tuliwaheshimu wakwe, lakini siyo kwa kukimbizana hivyo. Wakristo wengine pale kijijini walikuwa wameshaanza kulegeza, na mchungaji alisema wazi kwamba hiyo si amri ya Mungu. Nilimkumbusha mama mkwe maneno hayo, kwa adabu. Akanitazama, akaendelea kumenya ndizi, akasema, "Mchungaji iko na kanisa yake. Mimi iko na nyumba yangu." Mazungumzo yakaishia hapo.

Mzee naye alikuwa na wajibu wake. Kila alipotaka kutoka ndani au kupita uani, alikohoa. Kikohozi kimoja, kikavu, cha nguvu, halafu ananyamaza ili nipate nafasi ya kujificha. Ukikisikia, unaacha ulichoshika, unajifunika khanga, unapotea. Mwezi wa kwanza nilikuwa natimua mbio kutwa. Maziwa yalichemka yakamwagika, uji ukaungua, siku moja nikajitosa kwenye banda la kuku na kutoka na vinyesi kichwani, na Tupokigwe akacheka mpaka akakaa chini. Yeye alikuwa rika langu, binti wa mwisho wa nyumba, amekwisha poswa anasubiri siku yake. Angeweza kunidharau, maana nilikuwa mgeni na nilikuwa sijui hata kumenya ndizi mbichi bila kujipaka utomvu mpaka viwikoni. Hakunidharau. Ndiye aliyekuwa mdomo wangu kwa baba yake, na mdomo wa baba yake kwangu.

Kulikuwa na tatizo jingine. Mzee alikuwa mgonjwa wa kifua. Zilipomjia zile pumzi mbaya alikohoa mfululizo, kikohozi juu ya kikohozi, na mimi mwanzoni nilikuwa nakimbia hata kwa hivyo, nakimbia na kurudi, nakimbia na kurudi, mpaka Tupokigwe akanionea huruma akanipa somo. Kikohozi kimoja ni baba anapita, alisema. Vikohozi vingi ni ugonjwa tu, kaa ulipo, endelea na kazi yako. Nilishukuru sana kwa somo lile. Liliniokolea maziwa mengi.

Basi baba mkwe nilimjua kwa masikio. Jiko letu na chumba chake vilitenganishwa na ukuta wa mianzi uliokandikwa udongo, na udongo wenyewe ulikuwa umebanduka mahali pengi. Nikiwa nakoleza moto nilimsikia akisali, akimtania mama mkwe kuhusu chumvi, akiimba tenzi za kanisani kwa sauti ya chini kwa sababu ya pumzi. Alikuwa na kicheko cha polepole, kinaanza puani. Kwetu wanaume wa rika lake walikuwa watu wa kufoka, na mimi nilijikuta nakaa jikoni muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji, ndizi zimeshaiva na maharage yameshaungwa, nasikiliza tu. Ugeni unauma. Ile sauti ilinifanya nione kuwa pale nyumbani kuna mtu angependezwa nami, kama tungeruhusiwa kuonana.

Siku moja alitembelewa na jirani, wakazungumza sana, na nilisikia jinsi mzee alivyonyamaza katikati na jirani akaguna. Nikamwuliza Tupokigwe walikuwa wanasema nini. Akanieleza kwamba baba yake alikuwa mtunza bustani wa mlowezi wa kahawa kule Mbozi kwa miaka kumi na tisa, mpaka kifua kilipomrudisha nyumbani. Katika bustani ile kulikuwa na mboga moja ambayo bibi wa Kizungu aliipenda kuliko zote. Mzee aliisia, akaipalilia, akaikata kwa kisu, akaipeleka mlango wa jikoni ndani ya kikapu, miaka yote hiyo, na ilipobaki mezani walipewa kuku wa bibi. Hakuna mfanyakazi aliyewahi kuionja. Alipoaga, yule bibi alimpa mbegu kidogo ndani ya karatasi. "Baba amemwambia jirani anataka kula moja tu, ajue ilikuwa nini," Tupokigwe alisema. "Anasema akishakula, hata akienda ni sawa." Nikauliza ni mboga gani. Akafikiri, akasema, kabichi. Kabichi za Wazungu. Wala hakunidanganya, kwa kuwa naye hakuwahi kuiona.

Mbegu zile mzee alikuwa ameshazisia mwezi wa tatu kwenye kitalu kidogo chini ya dirisha lake, na mwezi wa nne tukazihamisha. Nasema tukazihamisha, ingawa hatukuwahi kukanyaga bustani ile kwa wakati mmoja. Asubuhi ilikuwa yake, alasiri ilikuwa yangu. Alichimba mashimo kumi na mawili mstari mmoja, akaweka samadi ya ng'ombe, akaacha miche imefunikwa kwa jani la mgomba na kijiti kimesimama pembeni ya kila shimo kuonyesha kina. Alasiri nikaja nikaipanda. Kesho yake nikakuta mche mmoja ameupandisha juu kidogo, na mingine kumi na moja ameiacha kama ilivyo. Nilifurahi kama mwanafunzi aliyepata vema kumi na moja. Kuanzia hapo ikawa ndiyo mazungumzo yetu. Akitaka maji, ananiachia debe lenye matundu katikati ya njia. Akitaka majivu kwa ajili ya viwavi, anaacha kifuu chenye majivu kidogo ndani yake. Nami nikiona jani limeliwa, nafunga uzi wa mgomba kwenye kijiti ili asubuhi alione upesi. Wakati wa chakula cha mchana mama mkwe alikuwa akitusema, mzee akiwa chumbani na mimi jikoni, kwamba hajapata kuona watu wanaopalilia mboga moja kama wanalea mapacha. Na upande wa pili wa ukuta nilisikia kile kicheko cha puani.

Mwezi wa sita baridi iliingia, ukungu ukawa haupandi mpaka saa nne, na mzee akaanguka kitandani. Asubuhi zake bustanini zikaisha. Kila nilipofika alasiri nilikuta mambo nilivyoyaacha jana, hakuna debe, hakuna kifuu, na bustani ikaniuma kuitazama. Majani yalikuwa yamenenepa, ya kijani yenye unga wa kibuluu, yanafika magotini. Mimi kabichi nilikuwa nazijua. Kwetu misheni walilima kabichi, na nilijua kwamba kabichi ikifika ukubwa ule inaanza kufunga. Hizi hazikufunga. Nikawa nainama juu yake kila siku, natazama moyoni mwa majani, naona wazi, halafu wiki moja nikaona kitu kinachotoka ambacho hakikuwa jani. Kilikuwa kichwa cha vifundo vidogovidogo vya kijani, vimebanana, kimekaa juu ya bua nene. Maua yanayotaka kufunguka. Mzee anadhoofika, kabichi zake hazijafunga, na sasa zinatoa maua.

Mtu asiyefanya kazi kwenye tumbaku hawezi kuelewa jinsi nilivyokuwa na hakika. Tumbaku ikitoa ua, ua linakatwa. Ukilichelewesha, nguvu yote inakwenda kwenye mbegu na jani linakuwa jembamba, halina thamani. Ukilikata, jani linanenepa. Tangu nikiwa na miaka tisa nilipita mistari ile nikikata vichwa, na mnyapara alikuwa akisema sijawahi kukiacha hata kimoja. Nikajiambia, mke wa fulani, Mungu amekuleta hapa kwa kazi hii. Wanyakyusa ni watu wa ndizi na kahawa, wangejuaje? Nikikata vichwa leo, majani yatapata nguvu, kabichi zitafunga, mzee atakula. Nilitaka ale. Nasema kweli, sidhani kama maishani mwangu nimewahi kutaka jambo lolote kuliko nilivyotaka mzee yule ale mboga yake.

Ilikuwa asubuhi, mama mkwe amekwenda kufariji msiba wa jirani. Tupokigwe alikuwa ndani na baba yake. Nilichukua kisu cha jikoni, nikakinoa kwenye jiwe la mlangoni, nikaenda bustanini. Nimekata cha kwanza, nimekata cha pili, ndipo nikasikia kikohozi kutoka ndani. Kimoja, kikavu, cha nguvu. Nikainuka, nikavuta khanga kichwani, nikatafuta mgomba wa kujificha. Lakini kabla sijapiga hatua kikaja cha pili, kikaja cha tatu, kikawa mfululizo. Nikajua ni ugonjwa. Nikarudi kwenye mstari. Na kwa kuwa vilikuwa vikohozi vibaya, vya kutisha, niliharakisha, ili nimalize niende nikachemshe maji Tupokigwe amkande. Vyote kumi na viwili. Mikato safi, ya mshazari kidogo, ili maji ya mvua yasitulie kwenye bua, kama nilivyofundishwa. Vichwa nikampelekea mbuzi wa mama mkwe aliyefungwa nyuma ya banda, naye akavila vyote akitikisa mkia.

Mama mkwe aliporudi, alikwenda kutazama kama mboga zimefikia kukatwa, maana mzee alikuwa amemwomba tangu jana na kumweleza zinavyokuwa. Nilimwona akienda, nikabaki jikoni natabasamu peke yangu, nasubiri sifa. Alirudi mikono kichwani. Hakuuliza kabichi. Kwa mikono yote miwili aliniumbia hewani kile kitu chenye umbo la uyoga, akasema kile cha juu, kile cha kijani, chakula cha mzee, kiko wapi. Ndipo nilipojua. Nilifikiria mume wangu yuko mbali, sina mtoto, sina ndugu hata mmoja upande huu wa Mbeya, na huyu mama anaweza kunifungia mzigo kesho nikarudi Iringa na sifa ya kumnyima mtu anayekufa chakula chake cha mwisho. Nikasema, mbuzi. Nikasema mbuzi alikata kamba, nimemkuta ameshavila. Kwamba mbuzi alivila ilikuwa kweli, na kwenye kile kipande cha ukweli nikajishikilia miaka yote hii.

Mama mkwe alikwenda akampiga mbuzi. Alimpiga na ufagio, akilia, na mimi nasikia kila pigo. Kutoka chumbani mzee akasema maneno machache, taratibu, na Tupokigwe akatoka kuyatafsiri. Hakunitazama. Alisema, "Baba anasema mbuzi hana kosa, aachwe." Nikashukuru kwamba amesadiki. Mbuzi akafungwa kamba fupi, na kwa wiki kadhaa nilikuwa naiba maganda ya ndizi na kumpelekea kwa siri, kwa sababu kila nilipopita alinitazama.

Siku tatu baadaye ukaja ujumbe kutoka chumbani, kwa mdomo wa Tupokigwe. Mkwe aendelee kumwagilia. Asing'oe mabua. Zitatoka ndogo pembeni. Nilimwagilia maji na machozi, sioni aibu kuyasema. Na kweli zilitoka. Katika kila kwapa la jani kulichomoza kichwa kidogo, kwanza kama punje ya mtama, halafu kama ncha ya kidole. Ila vitu vile havikuwa na haraka, na mzee naye alikuwa akiisha. Kupitia ukutani nilisikia jinsi chakula kilivyopungua kwake. Kwanza aliacha ndizi, halafu akaacha maharage, akabaki na maziwa na uji mwembamba, na siku moja nikamsikia mama mkwe akimbembeleza anywe maji kwa kijiko. Kila asubuhi nilipima vichwa vile kwa kidole gumba. Kila asubuhi nilimwomba Mungu avute hivi na amshike yule.

Zilipofika ukubwa wa yai la kuku nilizikata, tano tu, zile zilizotangulia. Maelekezo ya kupika yalitoka kwa mzee mwenyewe, akasema kama alivyomwona mpishi wa Mbozi akifanya, maji yachemke kwanza, chumvi, zisikae sana, zibaki na ukijani wake. Nikapika. Mama mkwe akapeleka kwenye sahani ya bati, na mimi nikabaki jikoni nimeweka sikio kwenye mianzi. Nilisikia kijiko. Kisha nikamsikia akijaribu kumeza, na ile sauti ya koo lililokataa, na mama mkwe akimpangusa. Akajaribu tena. Akaacha. Baada ya muda akasema kwa Kiswahili, si kwa lugha yao, kwa Kiswahili, polepole, uso wake nadhani umeelekea ukutani: "Ni tamu. Waambie zilizobaki ale aliyepika." Mama mkwe akarudisha sahani, akaiweka mbele yangu, akaenda zake. Nikala. Zilikuwa nne na kipande. Ladha yake ilikuwa ya majani mabichi na chumvi, basi, na nilikula nikijua kwamba kama si kisu changu angekula kichwa kizima mwezi uliopita, koo lake likiwa bado linameza.

Alifariki siku ya tano, saa za asubuhi, ukungu haujainuka. Uso wake sikuuona hata hapo. Mama mkwe aliniambia nikae migombani na khanga usoni mpaka jeneza lipite, nikakaa, nikaona miguu ya watu tu. Mume wangu alirudi mwisho wa mwaka. Tukahamia upande wa Iringa, akapata kazi ya kupasua mbao, tukazaa, tukazeeka, naye amekwisha tangulia. Hata yeye sikumwambia. Mara nyingi nilifungua mdomo, nikasema habari nyingine.

Sasa nirudi kwa Tupokigwe. Miezi ile miwili kabla hajafa nilikaa kitandani pake, nikamnywesha chai, tukacheka kuhusu banda la kuku. Halafu akanishika mkono, akasema yule mbuzi wa mama hakuwa na kosa. Nikamwambia najua, mimi ndiye niliyekata, na nilikuwa nataka kukuambia tangu tukiwa wasichana. Akasema, "Baba alijua." Nikadhani anasema aliona mikato ya kisu, au aliambiwa na mtu. Akatikisa kichwa. Akaniambia polepole, akipumzika kila baada ya maneno machache, kwamba asubuhi ile baba yake alikuwa ameegemea mto, anaitazama bustani yake dirishani, akaniona naingia na kisu.

"Alikukoholea, wifi," alisema. "Alitaka ukimbie. Alikohoa moja, ukasimama. Akaona hukimbii, akakohoa tena. Akazidi kukohoa, na ugonjwa ukampokea hapo hapo, akashindwa kuacha. Mimi nimeshika beseni, damu inatoka. Alinionyesha dirisha kwa kidole. Nilidhani anataka hewa, nikalifungua zaidi."

Akaniambia kwamba kilipotulia, vyote vilikuwa vimekatwa, na mzee alilala akitazama dari. Kisha akamwapisha asiniambie. Alisema nimetoka mbali, mume wangu hayupo, nikijua nitaona aibu, nitakimbia kwetu, na mwanawe atarudi akute nyumba tupu. Tupokigwe alitunza kiapo kile mpaka siku ile, na alilia kwa sababu nyingine pia. Ni yeye aliyeniambia ni kabichi, na ni yeye aliyenifundisha kuhesabu vikohozi. Nikamwambia tulikuwa watoto. Akasema ndiyo, tulikuwa watoto, na tukashikana mikono mpaka chai ikapoa.

Nimelifikiria jambo hili kila siku tangu hapo. Kama angekohoa mara moja tu akanyamaza, ningekimbia. Alichoruhusiwa kuniambia maishani kilikuwa ni kikohozi, akakitoa chote alichokuwa nacho, mpaka damu, na kadiri alivyozidi kuniita ndivyo nilivyozidi kuharakisha kisu. Ningependa kuwa na mtu wa kumkasirikia, mama mkwe, au desturi, au yule bibi wa kuku wa Mbozi. Nimejaribu. Hasira haifiki mbali, inarudi nyumbani.

Jumamosi ile, watu walipoteremka kwenda kula, nilimwomba mjukuu wangu anisogeze kwenye kaburi la pembeni. Saruji imepasuka na utomvu wa migomba umeiacha nyeusi, lakini jina linasomeka. Nililisoma kwa macho, midomo nikaifunga. Nimeshazoea. Nilisimama pale kwenye mvua, mjukuu ameshika mwavuli, na nilijua fika kwamba sitafika tena kule milimani nikiwa hai. Nikajifunika khanga vizuri. Nikakohoa, mara moja, kikavu, kwa nguvu zangu zote, kisha nikanyamaza ili apate nafasi. Mjukuu wangu akauliza kama baridi imenishika. Nikamwashiria anyamaze. Halafu nikasema, yakiwa ndiyo maneno ya kwanza niliyowahi kumwambia yule mzee, "Baba, ni mimi. Nilikusikia, nikadhani unaumwa."